Fangasi kwenye ngozi yenye magamba ya kuzaliwa: mwongozo kamili wa kuchukua sampuli na kuisoma

Jumbe zinazonifikia kutoka zahanati na vituo vya afya zinafanana mno. Mtoto ana ngozi ya magamba tangu kuzaliwa. Sasa anajikuna kuliko kawaida yake. Amekwanguliwa, majibu yamerudi hasi, mama ameambiwa "ndiyo ngozi yake" na akarudi nyumbani na mafuta. Miezi michache baadaye wadogo zake nao wana mapunye.

Nimeona slaidi nyingi za aina hiyo. Fangasi walikuwepo, ila sampuli ilichukuliwa mahali pasipofaa, au ngozi ilikuwa imejaa dawa, au msomaji wa hadubini hakutoa muda. Makosa hayo matatu ndiyo yaliyonifanya niandike mwongozo huu.

Umeandikwa kwa tabibu, muuguzi na mtaalamu wa maabara anayehudumia watu wenye iktiosisi (ngozi ya magamba ya kurithi) au keratoderma (viganja na nyayo nene za kurithi). Mzazi naye ausome, ili ajue cha kudai. Hauwahusu watoto wenye epidemolisisi bulosa, wale ambao ngozi hutoka malengelenge kwa kuguswa tu. Hao usiwakwangue wala kuwabandika selotepu. Gusa kidonda taratibu kwa kijiti cha pamba kilicholowanishwa maji safi ya chumvi, kisha mpe rufaa.

## Vifaa

Viweke vyote mezani kabla ya kumwita mgonjwa.

- Bledi ya upasuaji namba 15, mpya kwa kila mgonjwa. Kwa mtoto asiyetulia, ukingo wa slaidi ya kioo ni salama zaidi.
- Spiriti ya asilimia 70 na shashi. Usifutie pamba: nyuzi zake hubaki kwenye ngozi, na chini ya hadubini zinafanana na fangasi.
- Karatasi nyeusi safi, ikunjwe kama bahasha. Magamba ni meupe, kwenye karatasi nyeupe hutajua umepata kiasi gani.
- KOH (potasiamu haidroksaidi) ya asilimia 10 na ya asilimia 20.
- Slaidi, vifuniko vyake, na penseli ya kuandikia jina.
- Sahani ya petri, au kopo bapa lenye kifuniko, na kipande cha shashi yenye maji.
- Hadubini yenye lenzi za 10 na 40.
- Glavu, miwani ya kinga, tochi. Taa ya Wood (ya mwanga wa urujuanimno) kama ipo.

Kuhusu KOH. Ya asilimia 20 ni gramu 20 za punje katika maji yaliyochujwa, ujazo wa mwisho uwe mililita 100. Tia punje kwenye maji kidogo kidogo. Usimwage maji juu ya punje, kwa sababu mchanganyiko huchemka na kuruka. Hifadhi kwenye chupa ya plastiki. Ikikurukia machoni, osha kwa maji yanayotiririka dakika 15 bila kukoma, halafu nenda kwa daktari wa macho. Ukiongeza gliserini kidogo, slaidi haitakauka haraka. Hilo utalifurahia ukifika hatua ya 6.

## Hatua ya 1: Ijue ngozi ya kila siku ya mgonjwa huyu

Kwa mgonjwa wa kawaida unatafuta gamba. Huyu ana magamba mwili mzima, kwa hiyo unatafuta *kilichobadilika*.

Muulize mama, "Mama, kabla ya tatizo hili, ngozi yake ilikuwaje?" Kisha nyamaza umsikilize. Mama aliyempaka mtoto mafuta kila siku kwa miaka tisa anaijua ngozi hiyo kuliko wewe. Akisema "hapa si pake", hapo ndipo utakapoanzia.

Uliza pia haya:

- Kuwashwa kumeongezeka lini? Iktiosisi ya kawaida hukausha na kukaza, lakini kuwashwa kwa ghafla kuna sababu yake.
- Kuna mtu nyumbani, au rafiki wa kulala naye bwenini, mwenye mapunye, choa au kucha mbovu? Kuna paka au mbwa anayenyonyoka manyoya?
- Amepaka nini? Taja dawa moja moja. Watu wengi hawaihesabu krimu ya duka la dawa kuwa ni dawa. Zile krimu za mchanganyiko zenye steroidi, zinazouzwa kama tiba ya kila kitu cha ngozi, hupunguza wekundu na kufuta duara huku fangasi wakiendelea kusambaa.

Kumbuka na mpangilio wa ugonjwa wenyewe. Iktiosisi vulgarisi, inayotokana na upungufu wa protini ya filagrini, huacha wazi mikunjo ya viwiko, nyuma ya magoti na kwapani. Iktiosisi inayorithiwa kupitia kromosomu X huwapata karibu wavulana tu, na magamba yake ni makubwa, ya kahawia, mara nyingi hadi shingoni. Aina ya lamela hufunika karibu mwili wote, mikunjo ikiwemo.

Umefanikiwa ikiwa unaweza kuandika sentensi moja inayosema ngozi yake ya kila siku ikoje, na nyingine inayosema nini kipya.

## Hatua ya 2: Andaa ngozi kabla ya siku ya sampuli

Hapa ndipo sampuli nyingi huharibikia, tena kabla mgonjwa hajafika.

Dawa ya fangasi ya kupaka isimamishwe wiki mbili. Ya kumeza, takriban mwezi mmoja. Kama hali ni mbaya usisubiri: chukua sampuli leo, ila andika kwenye fomu kwamba yuko kwenye dawa, ili jibu hasi lisomwe kwa tahadhari.

Mafuta ni jambo tofauti. Nimekuta waliomwambia mgonjwa wa iktiosisi asipake chochote wiki mbili nzima. Huo ni ukatili. Ngozi yake itapasuka na bakteria wataingia. Mwambie aache mafuta tangu jioni ya siku iliyotangulia, aoge kwa sabuni asubuhi, aje bila kupaka. Akimaliza kukwanguliwa apake hapo hapo, kabla hajatoka chumbani.

Onyo: usimpe mtoto mafuta ya asidi ya salisiliki mwili mzima ili "kulainisha magamba kwanza". Ngozi hii hupitisha dawa kwa wingi kwenda kwenye damu, na watoto wamewahi kupata sumu ya salisileti kwa njia hiyo.

## Hatua ya 3: Kagua mwili mzima

Mvue nguo kwa staha, sehemu moja moja, kwenye mwanga wa dirisha. Kisha shika tochi uimulike ngozi kwa ubavu. Ukingo ulioinuka, ambao huuoni ukitazama kwa juu, utatupa kivuli.

Kwenye ngozi nyeusi usitegemee wekundu. Tafuta kahawia iliyokolea, zambarau au kijivu. Na kwa wagonjwa hawa uvimbe wenyewe huwa hafifu: fangasi wa ngozi hula keratini, hapa keratini ni tele, na wanaweza kuenea sana bila mwili kupiga kelele.

Dalili ninazozipa uzito:

- Upande mmoja kutofanana na mwingine. Magamba ya kurithi kwa kawaida hufanana kushoto na kulia. Paja moja likiwa tofauti, simama hapo.
- Magamba mapya kwenye mikunjo kwa mtu mwenye iktiosisi vulgarisi. Kinena au kwapa lake lilipaswa kuwa laini.
- Nywele zilizokatikia usawa wa ngozi, au kunyonyoka kwa viraka.
- Kucha zilizonenepa, zenye ungaunga chini yake.
- Mkono mmoja, miguu miwili. Nyayo zote mbili zina unga, na kiganja kimoja tu.

Hili la mwisho nalieleza kwa mgonjwa niliyemwona mwenyewe, mzee fundi seremala mwenye keratoderma. Nilimsalimu, "Shikamoo mzee," nikaomba mikono yote miwili. Viganja vilikuwa vya manjano na vigumu kama soli. Akaniambia, "Mwanangu, hii tumezaliwa nayo, hata marehemu baba alikuwa nayo." Alisema kweli. Lakini kwenye kiganja cha kulia kila mstari ulikuwa umejaa weupe, kama mtu aliyeshika unga wa ngano akasahau kunawa. Cha kushoto hakikuwa na weupe huo. Nilifuta kwa shashi yenye spiriti, weupe ukabaki. Alipovua viatu, nyayo zote mbili zilikuwa hivyo hivyo. Sampuli ya unga ule ilijaa nyuzi za fangasi.

Ukiwa na taa ya Wood, itumie kwa kichwa zaidi. Fangasi aitwaye *Microsporum canis* hung'aa kijani. *Trichophyton violaceum*, anayesababisha mapunye mengi Afrika Mashariki, hang'ai, na *Trichophyton rubrum* wa mwilini vilevile. Kwa hiyo giza si ushahidi wa usalama. Mafuta ya mgando na asidi ya salisiliki navyo hutoa mng'ao wa samawati, sababu nyingine ya kufuata hatua ya 2.

Usiyasahau mengine. Baka lililopauka lisilohisi mguso wa ncha ya pamba linaweza kuwa ukoma. Magamba mazito kama majivu katikati ya vidole na viwikoni yanaweza kuwa upele wa magamba, wenye wadudu kwa maelfu. Magamba yaliyoanza ukubwani mara nyingi si ya kurithi: mshauri mgonjwa apime VVU, na uliza kama anatumia klofazimini, dawa ya ukoma.

## Hatua ya 4: Chagua sehemu tatu, na moja ya kulinganisha

Sampuli moja haitoshi. Chagua sehemu tatu zenye shaka, kisha ongeza ya nne: gamba la *kawaida* la mgonjwa huyo huyo, kutoka mahali ambapo mama amesema "hapa ndivyo alivyo siku zote".

Sampuli ya nne ndiyo siri ya mwongozo huu wote. Gamba nene la kurithi lina kuta za seli zilizobanana, na kuta hizo hujipanga kama wavu unaomdanganya hata msomaji mzoefu. Ukiliona kwanza gamba lake lisilo na ugonjwa, jicho lako litajua nini cha kupuuza.

Chukua ukingoni mwa duara, pale panaposogea mbele, wala si katikati palipoanza kupona. Kwenye keratoderma chukua unga wa kwenye mistari, mpaka kati ya ngozi nene na ngozi ya kawaida, katikati ya vidole, na uchafu wa chini ya ukucha. Kwa kichwa, chukua mashina ya nywele zilizokatika pamoja na magamba. Nywele ndefu nzuri hazina faida.

## Hatua ya 5: Kwangua

Mweleze mgonjwa kwamba hutamkata. Mtoto mwonyeshe kwanza kwenye mkono wako mwenyewe.

1. Futa kwa shashi yenye spiriti, acha ikauke kabisa. Spiriti huondoa bakteria na mabaki ya mafuta.
2. Kama gamba ni nene, ondoa tabaka la juu ulitupe. Limegusana na viatu, vumbi na sakafu, limejaa vimelea wa mazingira.
3. Shika bledi wima, karibu nyuzi 90, ukwangue kuelekea nje ya duara. Usiilaze, ukiilaza itakata.
4. Kusanya mpaka uone kwenye karatasi nyeusi rundo la kutosha kufunika ukucha wa kidole kidogo. Kwa ngozi ya kawaida hicho ni kingi. Hapa unahitaji cha kupima leo na cha kuotesha.
5. Kunja karatasi, andika jina, tarehe na sehemu ya mwili.

Usitie kwenye mfuko wa plastiki. Unyevu ukibaki ndani, bakteria na ukungu wa kawaida huzaliana na kuharibu sampuli. Kwenye karatasi kavu itakaa wiki kadhaa, hata ikisafiri kwa basi hadi hospitali ya rufaa.

Damu ikitoka umeenda kina kupita kiasi. Bonyeza kwa shashi na uhamie sehemu nyingine.

## Hatua ya 6: Weka KOH, kisha subiri

KOH huyeyusha keratini na kuwaacha fangasi, kwa sababu kuta za fangasi zinastahimili dawa hiyo. Kazi yako ni kuipa muda.

Weka magamba machache, yaliyokatwakatwa, katikati ya slaidi. Tone moja la KOH. Funika. Gamba jembamba la mwilini: asilimia 10, dakika 10 hivi. Gamba nene la iktiosisi: asilimia 20, nusu saa. Kiganja, unyayo na ukucha: asilimia 20, saa moja au zaidi, na kama bado ni gumu liache hadi kesho.

Kwa kusubiri kurefu, weka slaidi ndani ya sahani ya petri yenye shashi mbichi, funika. Hapo haikauki. Unaweza kuipitisha juu ya moto mdogo mara mbili tatu ili kuharakisha, ila ikichemka tu, chumvi huganda na slaidi imekwisha.

Jaribu kwa kubonyeza kifuniko taratibu kwa ncha ya penseli. Imeiva ikiwa gamba linasambaa kama uji mwepesi na unaweza kuona mwanga kupitia humo. Likibaki na vipande vyeupe visivyopenya mwanga, usisome. Rudisha sahanini.

## Hatua ya 7: Soma slaidi

Shusha kondensa (lenzi ya mwanga iliyo chini ya slaidi), punguza mwanga. Wengi huwasha taa yote, na fangasi, ambao hawana rangi, humezwa na mwangaza.

Anza na sampuli ya kulinganisha. Itazame dakika tano. Kisha nenda kwenye zenye shaka kwa lenzi ya 10, safu kwa safu, slaidi nzima. Ukiona kitu, hamia lenzi ya 40.

Fangasi wa ngozi: nyuzi zenye upana ule ule mwanzo hadi mwisho, zenye matawi na vikuta vya ndani, *zinazovuka mipaka ya seli bila kuijali*. Wakati mwingine zimekatika kuwa mnyororo wa vipande kama shanga.

Kandida: vijiduara vinavyochipua, pamoja na nyuzi zilizobanwa kama soseji. Watu wenye ugonjwa wa KID, yaani magamba, uziwi na macho mabovu kwa pamoja, hupata sana fangasi hawa na wale wa ngozi.

Malasezia: nyuzi fupi nene pamoja na mafungu ya vijiduara. Huyu ndiye wa mabaka ya kifuani na mgongoni.

Na hivi si fangasi:

- Mistari inayofuata mipaka ya seli, upana wake unabadilika kila hatua. Ni kuta za seli au mafuta yaliyonasa hapo. Bonyeza kifuniko uangalie tena. Wavu huu utauona na kwenye sampuli ya nne.
- Viputo: mviringo kamili, ukingo mweusi mzito.
- Matone ya mafuta: yanateleza, yanaungana, hayachipui.
- Nyuzi za nguo: nene kuliko kitu chochote kingine, zimejisokota.

Nyuzi zikiwepo kwenye sampuli zote nne, usishangae wala kudhani umekosea. Kwenye iktiosisi fangasi wanaweza kuwa wameenea mahali panapoonekana pa kawaida. Kigezo kinabaki kile kile: je, zinavuka mipaka ya seli?

## Hatua ya 8: Andika jibu kwa uaminifu

Andika "nyuzi za fangasi zimeonekana, paja la kulia na kinena" au "nyuzi hazikuonekana katika sampuli hizi". Usiandike "hana fangasi". Slaidi haina uwezo wa kusema hivyo, na sentensi hiyo itaganda kwenye faili la mtoto kwa miaka.

## Hatua ya 9: Jibu hasi, shaka bado ipo

Rudia kukwangua baada ya wiki moja au mbili, sehemu nyingine. Wakati huo huo tuma sampuli ioteshwe.

Omba vyakula viwili vya maabara vya Sabouraud, kimoja chenye saikloheksimidi na kingine kisicho nayo. Saikloheksimidi huzuia ukungu wa mazingira, lakini humzuia pia *Neoscytalidium dimidiatum*, fangasi wa nchi za joto anayeshika nyayo na kucha kwa sura ile ile. Ukitumia chakula kimoja tu utamkosa, na dawa za kawaida nazo hazimwezi kirahisi. Joto ni nyuzi 25 hadi 30, na sahani isitupwe kabla ya wiki nne.

Bado hasi? Mpe rufaa akatwe kinyama, yaani kipande kidogo cha ngozi, kitiwe rangi ya PAS inayowaonyesha fangasi, kisha kipimwe. Tanzania, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha maofisa wa ngozi wa ukanda huu tangu 1992, na waliohitimu hapo wamesambaa kwenye hospitali nyingi. Mtafute aliye karibu nawe.

Usicheleweshe kinyama kwa mwenye KID au ualbino ambaye baka lake la magamba limekuwa gumu, linavuja damu au limegoma kupona. Hao wana hatari ya saratani ya ngozi, na kulitibu baka hilo kama fangasi kwa miezi ni kupoteza muda ambao hautarudi.

## Hatua ya 10: Kabla na baada ya dawa

Kuchagua dawa ni kazi ya daktari, ila mambo machache yanategemea kipimo chako. Krimu pekee mara nyingi haipenyi gamba nene, hivyo wengi huhitaji ya kumeza, na hiyo ndiyo sababu uhakika wa maabara ni muhimu kabla. Griseofulvini, dawa ya fangasi ya kumeza, haiwezi kandida, na mjamzito hapewi. Ketokonazoli ya vidonge isitumike kwa fangasi wa ngozi: tangu 2013 mamlaka za dawa za Ulaya na Marekani zimeonya juu ya madhara yake kwa ini.

Wapime wote wanaolala chumba kimoja naye, siku hiyo hiyo ikiwezekana. Taulo na kitana kila mtu awe na chake.

Mwite tena wiki mbili baada ya kumaliza dawa. Magamba yatakuwepo, hayo hayaondoki, kwa hiyo usipime kupona kwa macho. Kwangua sehemu zile zile ulizoandika kwenye bahasha, na usome ukianza tena na sampuli ya kulinganisha. Slaidi ikiwa safi, muulize mama swali la hatua ya 1: hapa sasa ni pake?